Mashine ya kuamsha ubongo wa mzee: kabla hujauza friza, soma uzi huu mpaka mwisho

1.
Wiki iliyopita niliahidi kwamba uzi unaofuata utakuwa wa sukari na vidonda vya miguu. Sukari itasubiri. Kuna jambo limenikaba kooni tangu Jumatatu na nikilala nalo tena nitaumwa mimi. Ni kuhusu hizi mashine zinazotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba zinatibu ugonjwa wa kusahau kwa wazee. Uzi ni mrefu. Kaa vizuri, kama una mzazi aliyevuka miaka 60 huu ni wako.

2.
Nianze na kisa. Mwenye kisa ameniruhusu nikisimulie, nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane.

Mzee wa miaka 73, mkazi wa upande wa Mbagala, alikuwa fundi seremala pale Keko kwa miaka mingi sana. Alianza kidogo kidogo. Anapima ubao mmoja mara tatu. Anachukua advansi ya kitanda kwa mteja mmoja mara mbili, kisha anabisha kwamba hajapokea kitu. Siku moja akashuka kwenye daladala Rangi Tatu akasimama pale kuanzia saa tisa mpaka magharibi, hajui aelekee wapi. Mwisho akaanza kumwita binti yake kwa jina la marehemu mke wake.

Binti ni mama wa watoto watatu, anauza juisi na barafu nyumbani. Kwenye grupu moja akaona tangazo: mashine ya kisasa ya kuamsha ubongo, kumbukumbu inarudi, mara 20 tu. Kila mara elfu 60. Piga hesabu mwenyewe: milioni 1 na laki 2. Akauza friza laki 5. Laki 7 akakopa kikoba.

Friza, jamani. Ndiyo ilikuwa inalisha ile nyumba.

3.
Mzee akawa anapelekwa mara tatu kwa wiki. Anavalishwa kofia yenye nyaya na vitaa vinavyowaka. Wale jamaa wakamwambia binti kwamba dawa nyingine "zinagongana na mashine", kwa hiyo aziache. Dawa zenyewe zilikuwa za presha.

Baada ya mara ya tisa, yaani wiki tatu, mzee aliamka asubuhi mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki. Sisi tulipompokea presha ilikuwa 220 chini 130. Vidonge vyake vilikuwa kwenye kopo lao, vimejaa, binti alikuja navyo mkononi.

Amepona? Yuko hai. Anatembea kwa kushikwa. Maneno yaliyokuwa yanapotea moja moja sasa yamepotea mengi kwa mpigo.

Siku ya tatu wodini binti alinivuta pembeni akaniuliza: "Sista, nimemuua baba yangu?"

4.
Nilimwambia hapana. Ila usiku ule nikarudia kumbukumbu zangu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana uzi huu haupo kwa ajili ya kumsema binti yule.

Miaka miwili kabla, alimpeleka baba yake hospitali. Sitaitaja na haina haja, maana ingeweza kuwa yoyote kati ya zile nilizofanyia kazi. Alisema, "Mzee anasahau sana." Akajibiwa, "Huo ni uzee dada, mpe matunda." Wakampima presha, wakampa vidonge, wakamruhusu. Hakuna aliyemwambia huu ni ugonjwa una jina. Hakuna aliyemwambia kwamba vile vidonge vya presha ndiyo vilikuwa dawa ya ubongo wake pia.

Na mimi pia nimeshasema maneno hayo. "Uzee tu huo bibi." Nimeyasema nikiwa na foleni ya watu 40 mbele yangu. Nimeyasema kwa tabasamu kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ndiyo sababu ya uzi: watu hawaendi kwenye mashine kwa sababu ni wajinga. Wanakwenda kwa sababu sisi wa hospitali tuliacha pengo, na mwenye mashine akaja kulijaza.

5.
Sasa tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Unaitwa dimensia. Si kusahau funguo. Funguo hata mimi nasahau. Dimensia ni pale ubongo unapoharibika mpaka mtu anashindwa kufanya mambo aliyokuwa akiyafanya mwenyewe: kupika, kuhesabu chenji, kurudi nyumbani, kuvaa.

Ina aina zake. Inayojulikana zaidi ni ya Alzheimer, ambapo protini mbaya zinajikusanya kwenye ubongo na seli zinakufa taratibu. Nyingine inatokana na mishipa ya damu: presha ya miaka mingi na sukari vinaziba vimishipa vidogo, sehemu za ubongo zinakosa damu. Mzee anaweza kuwa na zote mbili kwa pamoja.

Na tuache kusema ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na zaidi ya nusu yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, watafiti walipita vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro, matokeo yakatoka mwaka 2013: kati ya watu wenye miaka 70 na kuendelea, karibu 6.4 kwa kila 100 walikuwa na dimensia. Hai hiyo, ya migomba na hewa safi. Sasa fikiria Temeke yetu yenye watu zaidi ya milioni 1.3.

6.
Turudi kwenye mashine. Wengi mnataka niseme ni utapeli mtupu, tumalize. Sitasema hivyo, kwa sababu si kweli, na nikiwadanganya leo kesho hamtaniamini kwenye sukari.

Sayansi ya kuchochea ubongo bila kupasua kichwa ipo, ni ya kweli. Mwaka 1985 kule Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba ukiweka koili ya waya juu ya kichwa na kupitisha umeme mkubwa kwa muda mfupi sana, inatengeneza nguvu ya sumaku inayopenya fuvu bila maumivu makubwa, na ndani ya ubongo inaamsha umeme mdogo. Ukiiweka sehemu inayoongoza mkono, kidole kinaruka chenyewe. Hakuna sindano, hakuna kisu.

Kuna na njia nyingine, ya umeme mdogo sana, kama miliampia 1 au 2, unaopitishwa kwa vipande viwili vya sponji yenye maji ya chumvi. Hiyo haiamshi seli moja kwa moja, inazisogeza tu karibu na kuamka.

Wala msichanganye na ile ya kupigwa shoti mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Hiyo ni tiba nyingine kabisa, ina kazi yake.

7.
Hiyo ya sumaku inatibu kitu gani kwa uhakika? Sonona. Marekani waliiruhusu mwaka 2008 kwa watu wenye sonona ambao dawa zilishindwa kuwasaidia. Baadaye wakairuhusu kwa maradhi mengine machache. Mgonjwa anakwenda siku tano kwa wiki, wiki nne mpaka sita, na kabla ya hapo anaulizwa maswali mengi: una chuma kichwani? Una kifaa cha kusikia kilichopandikizwa? Umewahi kuwa na kifafa? Maana inaweza, mara chache, kuleta degedege.

Kwa dimensia je? Hapo ndipo pa kusimama.

Mwaka 2019 kampuni moja iliomba Marekani iruhusu mashine yake ya sumaku kwa wagonjwa wa Alzheimer. Jopo la wataalamu likakaa, likapitia ushahidi, likasema hautoshi kuonyesha kwamba inasaidia.

Uingereza, mwongozo wao wa matibabu ya dimensia wa mwaka 2018 unasema wazi: usimpe mgonjwa wa Alzheimer kuchochewa ubongo kwa njia hii, isipokuwa ndani ya utafiti rasmi.

Mwaka 2022 Waitaliano wa Roma wakatoa matokeo ya utafiti wenye wagonjwa 50. Waliochochewa sehemu moja ya nyuma ya ubongo kwa wiki 24 waliporomoka taratibu kuliko waliowekewa mashine ya kuigiza. Hiyo ni habari njema, mimi niliifurahia. Lakini soma tena maneno yangu: waliporomoka taratibu. Hawakurudishiwa kumbukumbu. Na walikuwa watu 50.

8.
Kwa hiyo huko wanakotengeneza hizo mashine, wenye maprofesa na mashine za MRI kila kona, wanasema "bado tunatafiti". Halafu chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya kwanza juu ya duka la simu, kinasema "inatibu, mara 20".

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nawagombeza waliochukua kitu ambacho bado ni swali wakakiuza kama jibu. Wanasayansi wanaotafuta siwagombezi.

Na ile kofia ya vitaa aliyovalishwa mzee wetu? Mimi sijui hata ni kifaa cha aina gani. Binti alikuwa na risiti moja tu, imeandikwa kwa mkono: "tiba ubongo". Hakuna jina la mashine, hakuna jina la daktari, hakuna kipimo kilichofanyika kabla. Nimeangalia ile karatasi mpaka nikaona aibu kwa niaba ya taaluma nzima.

9.
Najua kuna mtu hapo anaandika comment tayari: "Sista, wewe unakatisha watu tamaa. Mgonjwa akikosa tumaini atafanyaje?" Na mwingine: "Mjomba wangu alifanyiwa akachangamka kabisa."

Nawajibu wote wawili kwa heshima.

Wa mjomba: naamini alichangamka. Hebu fikiria. Mzee aliyekuwa anakaa chumbani peke yake kutwa nzima, sasa mara tatu kwa wiki anaogeshwa, anavalishwa shati zuri, anapanda bajaji, anakutana na watu, anasalimiwa "shikamoo mzee wetu", anaulizwa habari za ujana wake. Atakosaje kuchangamka? Ndiyo maana kwenye utafiti wa kweli kundi moja linawekewa mashine ya kuigiza. Wanataka kujua kilichosaidia ni mashine au ni matembezi na salamu.

Wa tumaini: tumaini ni zuri. Tukumbuke Loliondo mwaka 2011. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, bei haikumuumiza mtu. Walioumia ni wale walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Swali la kwanza kwa tiba yoyote mpya lisiwe bei. Liwe hili: inaniambia niache nini?

10.
Sasa sehemu ninayoipenda. Mnajua kuna tiba ya kuchangamsha akili ya wenye dimensia ambayo imeshapimwa hapa hapa Tanzania, haina waya hata mmoja?

Ilianzia London. Aimee Spector na wenzake walitengeneza utaratibu wa vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba. Wagonjwa wachache wanakaa pamoja na mwongozaji. Wanazungumza, wanaimba, wanacheza mchezo, wanashika vitu vya zamani, wanajadili habari za siku. Mwaka 2003 walitoa matokeo ya watu 201: waliohudhuria walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili na wakajisikia vizuri zaidi kuliko wasiohudhuria. Ule mwongozo wa Uingereza wa 2018 unaokataza mashine, huu wa vikao unaupendekeza kwa dimensia ya mwanzo na ya kati.

Kisha ukaletwa Hai. Ukabadilishwa uendane na wazee wa kule, wengi hawakusoma sana. Wagonjwa 34. Matokeo yakachapishwa 2017: akili ilipanda kwenye vipimo, wasiwasi ukapungua, na zile tabia zinazochosha nyumba zikapungua. Nakuwa mkweli hapa pia: 34 ni wachache, na vikao haviponyi. Lakini tofauti na mashine, hakuna aliyeuza friza, na hakuna aliyeambiwa aache presha.

11.
Unaweza kuuliza, kama ipo na imepimwa kwetu, mbona sijawahi kuiona? Swali zuri, na ndiyo sababu nimeandika.

Hakuna tangazo la WhatsApp kwa ajili ya kukaa na wazee kwenye mkeka. Hakuna anayepata kamisheni. Mashine ina muuzaji, mkeka hauna. Kitu kisicho na muuzaji kinahitaji serikali na hospitali kukibeba, na sisi hatujakibeba.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila kata ya Temeke, kuanzia Tandika, Azimio, Yombo, Chamazi mpaka Mbagala Kuu, iwe na siku moja au mbili kwa wiki, zahanati itoe chumba au kivuli cha mwembe. Nesi mmoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuendesha vikao. Wazee wapimwe presha na sukari hapo hapo. Kahawa na kashata tutachanga. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na kila siku tunasema "mzee kwanza". Mzee akifika kwanza dirishani halafu akaambiwa "ni uzee tu", amefika kwanza kwenye nini?

Na siku utafiti wa mashine ukija Muhimbili au KCMC, uje. Nitakuwa wa kwanza kuwaandikia hapa. Wazee wetu wana haki ya kuwa ndani ya utafiti wakilindwa, kuliko kuuziwa mabaki ya utafiti wa wengine.

12.
Hebu sasa ya kufanya nyumbani. Hifadhi hii sehemu.

Kwanza kabisa, mzee akianza kusahau, nenda hospitali na usikubali jibu la "uzee". Sema: "Naomba aangaliwe kama ana kitu kinachotibika." Kuna mambo mengi yanafanana na dimensia: sonona, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, dawa zinazogongana, damu kuvia kichwani baada ya kuanguka. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, leo hivi kesho vile, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, malaria, au sukari kushuka. Mlete siku hiyo hiyo.

Pili, presha. Nitasema mpaka nife. Dawa za presha hazinywewi "nikijisikia vibaya". Zinanywewa kila siku.

Tatu, masikio na macho. Mzee asiyesikia anaonekana hana akili, kumbe hana taarifa. Na kutosikia kwenyewe kunaongeza hatari ya dimensia.

Nne, ninyi wenyewe wa miaka 30 na 40. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa maishani, karibu nusu ya dimensia ingezuilika au kucheleweshwa. Mmo ndani presha, sukari, sigara, pombe nyingi, unene, kutofanya mazoezi, lehemu mbaya, upweke, moshi na hewa chafu, kuumia kichwa. Kijana wa bodaboda usiyevaa helmeti, nakuona.

13.
Na hiki ndicho kikao cha bure unachoweza kuanza leo jioni.

Acha kumtahini mzee. Tunapenda sana kumwambia "Baba, mimi nani? Leo siku gani? Umekula nini asubuhi?" Akikosa tunacheka au tunalia. Huo si mchezo, huo ni mtihani, na kila siku anafeli mbele ya wajukuu. Badala yake mwombe maoni yake. Maoni hayana kukosea.

Bibi wa pwani mpe kanga mbili, muulize ipi ina jina zuri. Mpe mchele achambue, hata akichambua mara mbili. Mzee wa mpira muulize Simba na Yanga ya zamani nani alikuwa mkali. Mweke kwenye bao, hata akikosea kete, kaa naye. Weka taarabu aliyoipenda, utashangaa maneno yanavyotoka. Saa zile zile, sehemu ile ile, dakika 45 zinatosha. Akichoka, acha.

Mwandikie namba ya simu yako kwenye kikaratasi, kiwe mfukoni mwa shati lake. Waambie majirani na makondakta wa njia yenu. Usione aibu. Hajarogwa na wala haroga. Nchi hii ina vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa jikoni tu, na maneno yasiyoeleweka. Kusema wazi "baba anaumwa ugonjwa wa ubongo" kunaweza kuokoa maisha.

Na wewe unayemuuguza, hasa mabinti na wakwe, maana najua kazi hii inaangukia nani: panga zamu na ndugu. Yule kaka anayetuma elfu 20 kutoka Kariakoo na ushauri mwingi, mwambie aje alale na mzee Jumamosi moja.

14.
Ukishawishika na mashine bado, basi uliza haya manne kabla hujatoa hata mia:

Moja. Nani amempima mzee, na amesema ana dimensia ya aina gani? Kama hawajui aina, wanachochea nini?

Mbili. Huu ni utafiti au biashara? Kama ni utafiti, kuna kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, unasaini fomu uliyoielewa, na haulipii tiba inayojaribiwa. Kama ni biashara, mashine imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa kazi gani hasa? Waonyeshe karatasi.

Tatu. Wamekuuliza kuhusu chuma kichwani, kifafa na dawa anazotumia? Asiyeuliza hajui alichoshika.

Nne. Wamesema uache dawa za hospitali? Kama ndiyo, mshike mzee mkono mwondoke. Hela mliyotoa iacheni.

15.
Namalizia na fundi wetu.

Juzi nilikuwa zamu ya usiku. Mzee amelala macho wazi, binti amesinzia kwenye kigoda. Badala ya kumuuliza "mzee unajijua uko wapi?" kama ninavyofanya siku zote, nikamwambia, "Shikamoo fundi. Nataka kutengeneza kitanda. Nichukue mninga au mkongo?"

Alinitazama muda mrefu. Nikajua nimechelewa, maneno hayapo tena. Kisha kwa ule mdomo uliopinda akasema, "Mninga." Akanyoosha mkono wa kushoto, akagonga chuma cha kitanda cha wodini mara mbili, akatikisa kichwa kama fundi aliyeona kazi mbovu.

Binti aliamka kwa kicheko changu. Nilipomweleza alilia. Akasema tangu ugonjwa uanze hakuna mtu aliyemwita fundi.

Ndugu zangu, lile neno moja halijaponya kitu. Kesho yake hakunikumbuka. Lakini wiki tatu za kofia ya vitaa na milioni 1 na laki 2 hazikumpa hata dakika hiyo.

16.
Binti bado anadaiwa kikoba. Wale wa mashine wamehama, simu haipokelewi. Tumemwelekeza kwenye vyombo husika, na wenzangu wa wodi tumechanga kidogo ili aanze tena na ndoo mbili za barafu kwenye friji ya jirani. Si lazima mchange, sijaanzisha mchango hapa. Ninachoomba ni kimoja: peleka uzi huu kwenye lile grupu la familia ambalo tangazo la mashine limepita.

Kama una mzee anayesahau, andika kata yako tu kwenye comment, usiandike jina lake wala ugonjwa wake. Nataka niwe na orodha ya kata mkononi nitakapokwenda kumuomba mganga mkuu chumba cha siku moja kwa wiki. Nimeshaongea na wenzangu wawili, wako tayari kujitolea Jumamosi za mapumziko yao. Mkeka ninao.

Sukari wiki ijayo, Mungu akipenda. Usiku mwema, na kawaulizeni wazee wenu kama wamekunywa dawa ya presha leo.